Kupokezana kiti cha mwendeshaji: mwongozo kwa makundi ya michezo ya kuigiza wahusika mezani

Katika makundi mengi ya michezo ya kuigiza wahusika mezani, ambamo kila mchezaji anaigiza mtu mmoja ndani ya hadithi na mwendeshaji anaieleza hadithi na kuwaigiza watu wengine wote, mwendeshaji huyo ndiye anayebeba mzigo wote. Yeye ndiye aliyesoma kitabu, yeye ndiye anayetunga hadithi, yeye ndiye anayechora ramani usiku wa kuamkia kikao, na yeye ndiye anayewakumbusha watu saa ya kukutana. Wenzake wanakuja na dadu na karatasi za wahusika wao, wanacheza, wanaaga. Miezi inapita hivyo. Kisha mwendeshaji anaanza kuchoka, vikao vinaahirishwa, na mwishowe kundi la WhatsApp linabaki la kutakiana heri za sikukuu tu.

Dawa yake ni kupokezana kiti. Aliyekuwa akiendesha ashuke, akae na wachezaji, na mmoja wa wachezaji apande. Jambo hili linawezekana kabisa, na likifanywa vizuri linalipa kundi uhai mpya, lakini lina utaratibu wake. Watu wengi huelekeza wasiwasi wote kwa yule anayepanda: ataweza kweli? Amezisoma kanuni? Ninavyoona mimi, kupanda si kugumu kama kushuka. Anayepanda akikwama, meza nzima inamsaidia. Anayeshuka nusunusu anaharibu kikao, na mara nyingi hakuna anayethubutu kumwambia. Kwa hiyo hatua ya tano hapa chini ni ndefu kuliko nyingine.

Kwa mifano nitatumia Dungeons & Dragons, toleo la tano, kwa sababu ndiko michezo ya aina hii inakoanzia kwa watu wengi, na kwa sababu kanuni zake za msingi zimewekwa huru mtandaoni chini ya leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023. Anayepanda kwa mara ya kwanza hahitaji kununua kitabu. Mkicheza mchezo mwingine, badilisheni namba tu; hatua ni zilezile.

Desturi yenyewe ina umri sawa na mchezo. Mwaka 1972 Dave Arneson, ambaye pamoja na Gary Gygax ndio waliouasisi mchezo huu, alitoka Minnesota akaenda Lake Geneva, Wisconsin, akaendesha mchezo wake wa Blackmoor mbele ya Gygax na wenzake. Siku hiyo Gygax alikuwa mchezaji. Baada ya hapo akatunga ngome yake mwenyewe, Greyhawk, akawa mwendeshaji, na wachezaji wake wa kwanza walikuwa watoto wake wawili. Rob Kuntz aliingia Greyhawk kama mchezaji, akaja kuwa mwendeshaji mwenza, na Gygax naye akapata nafasi ya kucheza kwenye hadithi za Kuntz. Mhusika wake alikuwa mchawi aitwaye Mordenkainen, na jina hilo limebaki kwenye orodha ya uchawi katika vitabu vya mchezo hadi leo. Mchezo ulipochapishwa mwaka 1974, waasisi wake walikuwa tayari wamekaa pande zote mbili za meza.

Hatua ya kwanza: kubalianeni mnapokezana nini

Msikurupuke kubadilishana kabla ya kuulizana swali hili. Kuna njia tatu, na kila moja ina gharama yake.

Iliyo rahisi kuliko zote ni kila mtu na hadithi yake. Hadithi ya wa kwanza ikiisha inawekwa kando, kisha wa pili anafungua ulimwengu mwingine, wahusika wengine, hata mchezo mwingine. Hakuna siri inayovuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kama hamjawahi kupokezana, anzieni hapa.

Ya pili ni hadithi ya kikao kimoja, inayochezwa wakati hadithi kuu imepumzika. Mwendeshaji wa kawaida ana mtihani, ana msiba, ana kazi za mwisho wa mwezi. Badala ya kuahirisha, mwingine anaendesha kisa kifupi cha jioni moja. Ni namna nzuri ya kumpa mtu nafasi ya kujaribu bila kumtwisha kampeni nzima, yaani hadithi ndefu ya vikao vingi.

Ya tatu ni tamu kuliko zote na ndiyo inayovunja makundi: ulimwengu uleule, wahusika walewale, waendeshaji wawili au watatu wanaopeana zamu. Hapa lazima mgawane ardhi. Chukueni ramani mchore mpaka: mji na mashamba yake ni vya huyu, visiwa na bahari ni vya yule, milima ya kaskazini haina mwenyewe hadi atakayeihitaji aseme. Kila mmoja anatawala kwake. Akitaka kumuua, kumwoza au kumfilisi mtu anayeishi upande wa mwenzake, anapiga simu kwanza. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Siri kubwa ya hadithi, ile inayoshikilia kampeni nzima, iwe na mwenyewe mmoja, na wengine waizunguke tu.

Kuhusu urefu wa zamu, ushauri wangu ni kumpa mtu hadithi nzima badala ya kumpa tarehe. Mwendeshaji apande na kisa chenye mwanzo na mwisho, vikao vitatu hadi sita hivi, kisha ashuke. Kupokezana kila wiki kunasikika kama haki, lakini kila anayekaa anafungua uzi mpya na hakuna anayebaki muda wa kutosha kuufunga. Mwisho wachezaji hawakumbuki nani aliwaahidi nini.

Wala usimlazimishe mtu. Wapo wanaopenda kucheza tu, na hao ndio wanaoifanya meza iwe meza. Ila kama kuna anayetamani na anaogopa, mpe kipande kidogo kwanza: kwenye pambano, mkabidhi majambazi wawili, achague wanamshambulia nani, arushe dadu zao. Kikao kinachofuata mpe mchuuzi wa sokoni amwigize. Akishaona kwamba mdomo wake unatoa mtu na meza inamjibu, nusu ya hofu imeondoka.

Hatua ya pili: andikeni karatasi ya makabidhiano

Kama ofisi inavyokabidhiwa kwa maandishi, kiti nacho kikabidhiwe kwa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha. Huu ni mfano wa karatasi ya kundi la wachezaji watano wanaocheza katika ulimwengu mmoja:

Mahali na siku: Bandari ya Chumvi, siku ya tatu baada ya maziko ya liwali. Masika yameanza, barabara za juu hazipitiki.

Ngazi (kiwango cha uwezo wa wahusika): wote ni ngazi ya 4. Wanapanda hadithi inapoisha; hatuhesabu pointi.

Mali: kila mmoja ana kifaa kimoja cha uchawi cha daraja la chini. Mwizi, mmoja wa wahusika wetu, ana ufunguo wa ghala namba 6 na hajui ndani kuna nini.

Ahadi: walimwahidi mjane wa liwali kwamba watamtafuta mwanawe aliyepotea.

Uadui: mkuu wa forodha anawachukia, kwa kuwa walimuumbua mbele ya watu sokoni.

Kanuni za nyumbani: tunafuata vitabu vya 2014. Kunywa dawa ya kuponya ni kitendo kizima.

Mipaka: hakuna mateso ya watoto. Buibui waelezwe kwa ufupi, kuna mwenzetu hawawezi.

Usiguse: nani alimuua liwali.

Wazi: kilichomo ghalani. Kitunge utakavyo.

Angalia mistari miwili ya mwisho. Kwenye "usiguse" hapakuandikwa siri yenyewe, pameandikwa mahali ilipo. Anayepanda anajua asiingie chumba hicho, na siku atakaporudi kuwa mchezaji atakuwa bado na hamu ya kujua. Akihitaji siri ili hadithi yake isigongane na yako, mwambie kwa mdomo, na mwambie kiasi anachohitaji tu. Mstari wa "wazi" ni zawadi. Kila makabidhiano yawe na angalau kitu kimoja ambacho anayeshuka anakiachia kabisa, hata kama alikuwa na jibu lake zuri kichwani.

Mstari wa kanuni za nyumbani unaonekana mdogo, lakini ugomvi mwingi unaanzia hapo. Dawa ya kuponya ni mfano halisi: kwa vitabu vya 2014 kuinywa kunakula kitendo chako kizima cha zamu, kwa vitabu vilivyorekebishwa vya 2024 ni kitendo cha ziada tu, unainywa na bado unashambulia. Meza moja ikiwa na watu wa vitabu viwili na haijaandika inafuata kipi, mwendeshaji mpya atajikuta anaamua kesi katikati ya pambano.

Zungumzeni pia kuhusu mali. Anayepanda kwa mara ya kwanza anapenda kuwafurahisha rafiki zake, na njia ya haraka ya kuwafurahisha ni kuwapa panga za moto. Mwongozo wa waendeshaji wa 2014 unapendekeza vifaa adimu vianze kuonekana ngazi ya 5, vilivyo adimu zaidi ngazi ya 11, na vile vya kihekaya ngazi ya 17. Shikeni hizo namba kama dari, hasa mnapocheza ulimwengu mmoja, maana upanga uliotolewa na mmoja utamsumbua mwingine kwa vikao vyote vinavyofuata.

Hatua ya tatu: amueni mhusika wa anayeendesha anakwenda wapi

Mchezaji akipanda kitini, mhusika wake anabaki bila mtu. Kishawishi ni kumwacha aendelee kutembea na kundi, mwendeshaji akimwigiza huku akiigiza na maadui. Msifanye hivyo. Mwamba ngoma huvutia kwake: hata mtu mwadilifu atajikuta mhusika wake ndiye anayejua jibu la fumbo, ndiye anayeokoa jahazi, ndiye asiyekufa. Na akijizuia kupita kiasi, mhusika anakuwa gogo linalobebwa.

Mchezo uitwao Ars Magica, uliotoka mwaka 1987 kwa mikono ya Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, ulilitatua jambo hili vizuri kuliko mwingine ninaoujua. Ulijengwa kwa kupokezana tangu mwanzo. Kila mchezaji ana mchawi wake mkuu na mwandani mmoja, na juu ya hapo kuna askari na watumishi wa nyumba ya wachawi ambao ni wa kundi zima, yeyote anaweza kumchukua. Muda unahesabiwa kwa misimu. Anayeendesha msimu huu, mchawi wake anabaki maabara akisoma vitabu au akitengeneza kifaa, na anafaidika na msimu huo kama wengine wanavyofaidika na safari. Hakuna anayeuliza yuko wapi, kwa kuwa kila mtu anajua: yuko kazini.

Igeni hilo. Mhusika wa mwendeshaji apewe shughuli yenye maana mbali na msafara: anauguza mzee wake, anajifunza kwa fundi, anasimamia duka ambalo kundi limenunua. Apande ngazi pamoja na wenzake ili asirudi akiwa nyuma. Na atakaporudi, aje na kitu kimoja kidogo kutoka huko, habari au rafiki mpya, kitakachotumiwa na mwendeshaji anayefuata.

Hatua ya nne: kikao cha kwanza cha anayepanda

Andaa kidogo. Unahitaji mahali pamoja, mtu mmoja anayetaka kitu, na kizuizi kimoja. Tuchukue ghala namba 6. Mahali ni ghala lenyewe, kando ya gati, lina mlango mkubwa wa mbele, dirisha la juu na sakafu ya mbao iliyooza upande wa maji. Anayetaka kitu ni mlinzi wa usiku, ambaye mshahara wake haujalipwa na anatafuta mtu wa kumlipa ili afumbe macho. Kizuizi ni kwamba usiku huohuo watu wa mkuu wa forodha wanakuja kuhamisha mzigo. Hapo una kikao kizima, na hujaandika hata kurasa mbili.

Usiandike wachezaji watapitia wapi. Andika kitatokea nini wao wasipofanya kitu: saa nne mlinzi anaanza zamu, saa sita mkokoteni unafika, saa saba ghala ni tupu. Wao wakivunja dirisha, wakimhonga mlinzi au wakilichoma ghala lote, wewe unaangalia saa yako tu.

Kwa namba ambayo dadu ya mchezaji inatakiwa kuifikia ili afaulu, shika tatu: 10 kwa jambo rahisi, 15 kwa jambo la wastani, 20 kwa jambo gumu. Mchezaji akileta wazo zuri, mruhusu arushe dadu mbili za pande 20 achukue kubwa. Mazingira yakimbana, arushe mbili achukue ndogo. Kwa namba hizo tatu na dadu hizo mbili unaweza kuamua karibu kila kitu usichokikumbuka kitabuni. Ukikwama kwenye kanuni, amua ndani ya dakika moja, iandike pembeni, endeleeni. Mtaitafuta baada ya kikao.

Weka karatasi yenye majina kumi ya watu, wake kwa waume, ambayo hayajatumika. Wachezaji watamuuliza jina mtu ambaye hukumwandaa, na ukisitasita watajua hana uzito. Pambano moja linatosha kwa kikao cha saa tatu, kwa maana kundi la watu watano linaweza kulimaliza kwa saa nzima. Na kila unapomaliza kueleza mahali, malizia kwa kuuliza: mnafanya nini? Kisha nyamaza. Kimya kitakuwa kizito sekunde chache, usikijaze. Wanafikiri.

Jambo moja kuhusu yule uliyempokea kiti. Usimtazame kila baada ya sentensi kuona kama ameridhika, na usimfanyie mhusika wake ukali wala upendeleo kwa kuwa ni wake. Yupo pale kama mchezaji.

Hatua ya tano: anayeshuka ashuke kweli

Anza na mwili. Badilisheni viti. Kadibodi ya kufichia dadu, penseli, ramani, vyote viende kwa anayeendesha, na vitabu vyako vibaki ndani ya mfuko. Kitabu kikiwa wazi mbele yako utakifungua, na ukikifungua kila mtu atakuona.

Kisha chagua mhusika anayekusaidia kunyamaza. Usichague mchawi mwenye uchawi wa kurasa nne, wala kiongozi wa msafara, wala mtaalamu wa historia ya nchi. Chagua mpiganaji wa kawaida, mtu mwenye ngao, mwenye njaa na deni la kulipa. Mhusika wa namna hiyo ana mengi ya kuigiza na machache ya kuamua kwa niaba ya wengine. Umekuwa ukiigiza wafalme na majoka. Kuwa mtu mmoja tu kwa muda wa saa tatu kuna raha yake, na utashangaa jinsi unavyosikia vizuri wengine wanaposema.

Mtihani wa kwanza utakuja mapema. Mchezaji ataangalia dirisha la ghala, atakugeukia wewe, aseme, "Naweza kupanda hapo?" Ni mazoea, hana nia mbaya. Usijibu, hata kwa kutikisa kichwa. Geuza uso wako umwangalie mwendeshaji. Macho ya aliyeuliza yatafuata yako, na swali litakuwa limefika kunakohusika bila mtu kuumbuliwa. Ukifanya hivyo mara chache za mwanzo, meza yote itajua kiti kiko wapi.

Kuhusu kanuni, fuata mpaka huu: kanuni za mhusika wako ni zako, kanuni za maadui ni za mwendeshaji. Mchawi wenu akipigwa mshale huku anashikilia uchawi unaohitaji umakini, anatakiwa kurusha dadu kuona kama umemponyoka, kwa namba 10 au nusu ya madhara, ipi iliyo kubwa. Ikiwa wewe ndiye mchawi huyo na mwendeshaji amesahau, jikumbushe mwenyewe kwa sauti na urushe. Huo ni uaminifu. Ikiwa joka ndilo lililosahauliwa, kaa kimya. Joka lisilokumbuka kila uwezo wake halijaharibu jioni ya mtu yeyote. Naruhusu jambo moja tu livunje ukimya: kosa la kanuni linapokaribia kumuua mhusika wa mtu. Hapo sema mara moja, kwa sentensi moja, na mwendeshaji akishaamua, uamuzi ni huo.

Siri ni ngumu zaidi. Katika ulimwengu mnaoshirikiana, wewe unajua aliyemuua liwali, na mpiganaji wako hajui. Watu wengi wanakumbuka kutotumia wanachokijua ili kushinda. Wachache wanakumbuka upande wa pili: kukwepa makusudi. Kundi limefika njia panda, wewe unajua muuaji yuko kushoto, basi unasukuma waende kulia ili usionekane unadanganya. Hilo nalo ni kutumia siri, na linawanyima wenzako njia ambayo huenda wangeichagua wenyewe. Namna ya kutoka hapo ni kujitoa kwenye uamuzi: mpiganaji wako aseme atafuata wengi, au rusha dadu waziwazi na uifuate. Hadithi ikikaribia sana siri yako, omba mapumziko, mnong'oneze mwendeshaji kwamba hapo pana kitu, mkubaliane apite pembeni au akiguse kwa namna gani. Kisha mhusika wako akae nyuma hadi kisa hicho kipite.

Halafu kuna uchungu ambao hauzungumzwi. Mwendeshaji mpya atamwigiza mjane wa liwali, na hatakuwa yule mjane uliyemwona wewe kichwani. Wako alikuwa mkali, mwenye maneno machache. Huyu anacheka, anakunywa kahawa na mabaharia. Utahisi kitu chako kimechukuliwa. Mwache. Kikishatamkwa mezani kimekuwa kweli, na mjane anayecheka siku ya tatu baada ya maziko amekupa swali zuri ambalo wewe hukulifikiria. Ukitaka kusaidia, muulize mhusika huyo kitu kupitia kinywa cha mpiganaji wako, ili mwendeshaji apate nafasi ya kumkuza.

Na kusaidia unaweza, sana. Wewe ndiye mchezaji pekee mezani anayejua mwendeshaji anahitaji nini. Chambo kikirushwa, kidake: mlinzi akianza kulalamika kuhusu mshahara, mfuate, msikilize. Andika majina ya watu na uyakumbushe yanapohitajika. Mchezaji mpole akiwa hajasema kitu kwa nusu saa, mpiganaji wako amuulize ndani ya hadithi, "Wewe unaonaje?" Mambo yakikwama, kosea wewe: fungua mlango usiofaa kufunguliwa, tukana mtu usiyefaa kumtukana. Mwendeshaji mpya atashukuru, na hatajua ulifanya makusudi.

Hatua ya sita: maongezi baada ya kikao, na kurudi

Kikao kikiisha, mwendeshaji aulize maswali mawili tu: nini kiendelee, na nini kipunguzwe. Wachezaji wengine waseme kwanza. Aliyeshuka aseme mwisho, kwa ufupi, na aseme kama mchezaji: "nilipenda saa ya mkokoteni, ilinitia haraka." Mafunzo ya uendeshaji ayaache hadi atakapoombwa, na hata akiombwa usiku huohuo, asubiri siku mbili tatu. Mtu aliyemaliza kuendesha kwa mara ya kwanza amechoka kuliko anavyoonekana, na kila sentensi inayoanza na "mimi ningefanya hivi" anaisikia kama hukumu.

Ikiwa zamu haiendi vizuri, wachezaji wanasinzia au mwendeshaji mwenyewe hafurahii, fupisheni kisa. Kikao kimoja cha kukifunga kinatosha, na mtu ashuke kwa heshima yake. Msimwondoe katikati ya hadithi na mzee wa zamani arudi kuokoa, kwa sababu baada ya hapo hakuna mwingine atakayethubutu kupanda.

Kisa kikiisha, makabidhiano yanafanyika upya, na safari hii karatasi inaandikwa na huyo mwingine. Mistari ni ileile: mahali, ngazi, mali, ahadi, uadui, kanuni za nyumbani, mipaka, usiguse, wazi. Ipokee kama ilivyo. Ikiwa imeandikwa kwamba ghala lilikuwa na majeneza na mjane ameondoka na jahazi la mabaharia, basi hiyo ndiyo Bandari ya Chumvi unayoikuta. Maswali yako yote yaulize siku hiyo, kabla hujaanza kuandaa kitu, na usisahau kumuuliza ni kipi katika alivyovitunga angependa akikute bado kipo atakapokaa tena na mhusika wake.